Ufunguo wa Akiba

Tulikuwa watatu, na kopo la biskuti.
Chumba tulichopewa kilikuwa stoo ya helmeti zilizopasuka,
nyuma ya karakana ya matairi, mgodi wa shaba,
mita elfu tatu juu, ambako maji huchemka upesi
na chai haikolei.

Yasna aliandika kwenye kipande cha kadibodi:
WANAWAKE. ALHAMISI. BAADA YA ZAMU.
Kesho yake mtu alikuwa ameongeza, kwa kalamu nyekundu,
"na mapishi?"
Hatukuifuta. Iacheni, alisema Yasna,
itatukumbusha tulipoanzia.

Mimi naendesha lori la tani mia tatu.
Tairi lake lanizidi kimo mara mbili.
Ngazi za kupandia nimezihesabu: kumi na nane,
na miaka minne nimezipanda kwa viatu vya kiume,
namba arobaini na moja, ncha nimezishindilia soksi.
Miaka minne sikunywa maji asubuhi
kwa kuwa choo kilikuwa kilomita sita
na lori haliegeshwi kwa haja ya mtu mmoja.

Nilidhani ni mimi tu.

Kisha Ximena akasema, "Mimi sinywi maji,"
na Yasna akasema, "Wala mimi,"
tukanyamaza, tukitazamana midomo iliyobabuka
kama watu waliogundua
kwamba usiku wote wameota ndoto moja.

Alhamisi ya pili nilikuja peke yangu.
Nikala biskuti nne. Nikafunga mlango.

Ya tano tulifika kumi na moja, tukagombana.
Leontina wa maabara alitaka tudai vyeo,
Ximena alitaka viatu.
"Na hicho cheo," akauliza, "utakipanda pekupeku?"
Tulicheka mpaka helmeti moja ikaanguka rafuni.

Mwezi Machi wakubwa wakatuletea keki na mpiga picha.
Tulitabasamu walipotuambia tutabasamu.
Keki ilikuwa tamu, sitasema uongo.
Kisha afisa utumishi akafafanua, kwa upole,
kwamba kikundi ni cha waajiriwa wa kampuni,
si cha watu wa mkandarasi;
yaani Nélida, anayepiga deki ofisi yake,
ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akitukatia keki.
Nélida akaweka kisu mezani,
taratibu, makali yakielekea ukutani.

Alhamisi iliyofuata stoo ilibaki tupu.
Tulikaa viti vya nyuma vya basi la zamu
linaloteremka Calama, saa nzima ya jangwa
lisilo na hata jani la kumdanganya mbuzi,
Nélida katikati, daftari magotini.
Basi halijui nani wa kampuni na nani wa mkandarasi.
Kila shimo lilituinua sote, likatutupa sote,
na mwandiko wa barua zetu ukatoka vilevile,
umetetemeka.

Choo kililetwa Agosti, cha plastiki, cha buluu, juu ya trela,
kwa barua kumi na nne na sahihi sitini na mbili.
Ishirini zilikuwa za wanaume,
mmoja wao yule wa kalamu nyekundu:
nilimjua kwa mkia wa p yake.

Tukakikuta kimefungwa.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa msimamizi
na msimamizi alikuwa likizo, Iquique, anaota jua.

Nélida hakusema neno.
Alijua ufunguo wa akiba ulipotundikwa;
kabati hilo yeye hulipangusa kila Jumatatu.
Jioni akaupeleka mjini kwa mchonga funguo,
mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi,
aliyeugeuza, akaupima, akauliza,
"Nyumba yenu ina watu wangapi, mama?"
Nélida akahesabu kwa vidole, akaanza upya.
"Kumi na tisa," akasema,
"na wengine wako njiani."

Wangu nimeufunga kwenye kamba ya kiatu.
Kiatu bado ni arobaini na moja.
Barua ya kumi na tano iko magotini mwa Nélida.
Asubuhi hii, kabla ya ngazi ya kwanza,
nimekunywa maji, glasi mbili,
polepole, mbele ya watu.