Nyonga ya Kushoto

Dukani kwa Darrell, Amarillo, Jumamosi.
Vifuko vya magazini vimening'inia ukutani:
cha ngozi, kinachonukia tandiko jipya;
cha plastiki ngumu, chenye skrubu ubavuni.

"Usinunue kwa macho," Darrell akasema.
"Kivae. Inama. Kaa kama uko garini."
Cha ngozi kikanifinya mbavu. Nikakirudisha.

Cha plastiki nikakikaza robo mzunguko:
kiishike magazini nikikimbia,
kiiachie nikivuta.
Risasi zitazame mbele, ili kidole cha shahada
kiguse ncha ya kwanza hata gizani.

Zamu ya benki inaanza Jumatatu.
Nimejizoeza kwa magazini tupu, mara hamsini,
mbele ya kioo cha kabati:
koti nyuma, mkono chini, chomoa,
hadi kiganja kikajua njia bila kuniuliza.

Ndipo Riziki akaamka, akanyoosha mikono.
Nikambeba pale pale pa siku zote.
Goti lake likagonga plastiki.
"Mama, umeota mfupa?"

Nikamhamishia kulia.
Huko nako kuna ala ya bastola.

Nikamweka chini.
Nikafungua mkanda.