Mgonjwa wa Nje

Kadi yangu ya njano imeandikwa MGONJWA WA NJE.
Karani aligonga muhuri, hakujua kwamba amenitania.
Kwa nje mimi mzima. Kovu limefunikwa na nywele,
mguu wa kulia unaburuta kidogo tu,
kama wa mtu aliyekanyaga tope.
Pale Kiborloni wananiita, Fundi, umepona, tunashukuru,
lini unarudi juu ya paa?

Ninaitikia. Kuitikia bado ninaweza.

Jumatano, chumba cha mwisho, nyuma ya dirisha la dawa.
Nakijwa si mganga wa sindano. Ana penseli,
ana subira ya mtu anayechambua mchele kwa koroboi.
Kwenye benchi tunamsubiri watatu:
Ndewirwa, aliyeendesha malori hadi Tunduma,
kiharusi kimemwachia neno moja tu, "kesho",
analitumia kwa chai, kwa haja ndogo, kwa marehemu mkewe;
na binti wa Uru, figo zimemchosha,
analia bila kutaka kisha anatuomba radhi
kana kwamba ametumwagia maji miguuni.

Siku ya kwanza niliambiwa: chora saa.
Nikachora duara. Mkono wa fundi haujasahau duara.
Sasa onyesha saa nne na dakika kumi.
Penseli ikabaki hewani.
Mkono mfupi niuelekeze penye nne,
au penye kumi, kama tunavyosoma sote tangu utoto?
Nakijwa akacheka mpaka akavua miwani,
akaandika kitu kwenye faili.
Sijui hadi leo kama ni kosa au ni alama.

Kisha: kisu, mgomba, kengele, soksi.
Yatunze, nitakudai baadaye.
Aliponidai nilikuwa na mgomba peke yake.
Mchaga hapotezi mgomba, nikamwambia,
hayo mengine yalikuwa ya watu.

Ila kuna jambo ambalo picha ya kichwa haikulionyesha.
Zamani hasira yangu ilipanda ngazi,
kipago kwa kipago, ungeisikia ikija.
Siku hizi naikuta iko juu tayari,
imeshika nyundo.

Mwezi wa tano nilirusha sahani ya kiburu.
Kosa la sahani nimelisahau.
Aikaeli aliokota vipande, kimoja, kimoja,
akavitia kwenye kanga, hakusema.
Ombeni alijificha nyuma ya pipa la maji
na hakulia.
Angelia ningelala usingizi.

Nakijwa hakunihubiria. Alisema:
ukiisikia inavuma masikioni, toka nje,
tafuta kitu ukihesabu.
Basi ninatoka. Jirani ana mabati thelathini na mawili,
moja limepigwa msumari bondeni badala ya mgongoni,
litavuja masika, na fundi wake namjua.
Nikifika bati la ishirini mikono yangu
inakuwa yangu tena. Mara nyingine narudia mara tatu.
Majirani wanadhani nayatamani.

Lakini neno la kumpa Aikaeli lilikataa.
Najua linaanza midomo ikiwa imefungwa:
mmm, mmm, na hapo linakatika,
nikabaki naguna kama ng'ombe zizini.
Nikaenda mpakani mwa shamba, nikakata jani la sale,
nikalipiga fundo kama baba alivyopiga,
nikaliweka mezani karibu na chumvi.

Siku mbili alilizunguka akipanga vikombe.
Ya tatu nililikuta limesimama
kwenye glasi ya maji.

Hiyo nilimsimulia Nakijwa, vipande vipande.
Hakuandika chochote. Akatazama dirishani kidogo,
mlima ulikuwa umejifunika,
kisha akanigeukia: na yale maneno yangu manne?

Mgomba, nikasema. Kisu. Soksi.

Hilo la nne naisikia sauti yake,
linalia mahali, huko ndani,
silioni.