Neno Lililofutwa

Ruwi, ghorofa ya pili, chumba namba nne.
Kipoza hewa kinakohoa.
Nyuma ya meza watu watatu wasio na sare:
Bi Shinuna, mwalimu mkuu mstaafu,
peni nyekundu haijamtoka mkononi;
Ghasani wa duka la dawa;
na mhandisi wa maji, ambaye hadi adhuhuri
hakufungua mdomo.

Mimi ni mkalimani. Nimeapa.
Kiswahili nimekirithi jikoni, Kiarabu darasani.

"Jina?" karani akauliza.
"Mgeni."
Nikatafsiri. Karani akakunja uso:
"Kwamba ni mgeni tunajua. Jina lake?"
Mgeni binti Kombo, wa Micheweni.
Kumbe jina halitafsiriwi,
nami nimeanza kazi kwa kumpokonya lake.

Akasema:
"Nilikwenda kituoni Mabela kuidai pasi yangu.
Yule pale akanizaba kofi.
Kipuli kikaruka. Nikakiinamia,
akakikanyaga."
Akafungua karatasi laini, akakiweka mezani
kile kilichobaki.

Akanizaba.
Lugha yetu haina umaskini wa mikono:
mtu hunaswa kibao, hulambwa kofi, huchapwa, hutandikwa.
Ila kuzaba kuna mlio,
ukilisema neno, shavu linasikia.

Nikamtazama Koplo Mundhiri, mikono juu ya magoti,
viatu vinang'aa.
Nikamkumbuka mwanangu, na ombi lake la kazi
lililo katika faili za kina Mundhiri.
Nikasema kwa Kiarabu:
"Alimsukuma. Kidogo."

Hilo "kidogo" Mgeni hakulitamka.
Nililitoa mfukoni mwangu.

Peni ilikwisha kuandika
koplo alipoinua kichwa.
Akanena Kiswahili, kile cha mjini, cha zamani,
kama cha marehemu bibi yangu:
"Siyo, mama. Kasema nimemzaba.
Na nimemzaba."

Kipoza hewa kikakohoa peke yake.
"Nimelelewa na bibi," akaongeza, "mzawa wa Vikokotoni.
Angekuwepo hapa angenizaba mimi."
Hakuna aliyecheka.
Hili nalo ilinibidi nilitafsiri,
neno kwa neno, mate yamenikauka.

Wakapendekeza: mshahara wa mwezi ukatwe,
cheo kishuke ngazi moja,
asikae tena kwenye kaunta ya malalamiko.
Wakapendekeza tu.
Barua itapanda juu, na huko juu
ndiko kwenye muhuri.

Bi Shinuna akalipiga mstari mwekundu "kidogo" langu,
akanitazama kama mtoto aliyenakili mtihani.
Kosa la kwanza kuthibitishwa siku ile
halikuwa la askari.

Mgeni alikuwa akikunja karatasi yake.
"Na hiki kimoja," akaniuliza, "nitakivaaje?"
Nikatafsiri, safari hii bila kupunguza.

Ndipo mhandisi wa maji aliposema:
"Kiandikwe nacho.
Kipuli kimoja, cha sikio la kushoto."