Umbo la Kumi na Mbili

Mfenesi ulianguka nyuma ya nyumba ya Mbarouk Shaame,
nikaununua kwa maneno kwanza, kwa fedha baadaye.
Ubao wake wa manjano kama samli,
na vumbi lake hukaa kwenye kope siku tatu.

Skuli ya Konde walitaka madawati.
Nikamuuliza mwalimu mkuu: ya kukaa, au ya kukalishwa?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

Mimi nilisoma humo humo.
Safu ya tatu, wa pili kutoka dirishani;
miaka saba, mgongo wa Hamad Kombo ndio ubao wangu.
Jedwali la saba limenipotea,
lakini kovu la shingo ya Hamad
naweza kulichora hata gizani.

Basi sikutengeneza madawati.
Nilipasua vipande:
vya pembe tatu, vya nusu duara, vya sanduku,
kila kimoja na ulimi wake, na tundu lake,
bila msumari hata mmoja,
ulimi wowote uingie tundu lolote
(si kama sisi watu).
Nikapiga msasa kingo zikawa kisigino cha mtoto mchanga.
Kwenye daftari nikachora maumbo yote yanayowezekana.
Kumi na moja. Nikatia sahihi.

Gari la ng'ombe likavipeleka.

Siku ya kwanza walijenga soko.
Siku ya pili boma, na waliobaki nje wakalia.
Siku ya tatu hakuna aliyejifunza kitu
ila Fakih, aliyejifunza kwamba kidole
huingia tunduni kwa furaha
na hutoka kwa sabuni.
Mwalimu mkuu akapiga simu:
"Fundi, hivi ni viti au ni fitina?"

Bi Mauwa, mwenye ufagio,
kila alasiri alivirudisha safu, sita kwa saba,
zimenyooka kama za msikitini.
Kila asubuhi vikatawanywa.
Wiki ya pili akasalimu amri.
"Leo nimefagia samaki," akaniambia sokoni,
huku akichagua bamia,
"kesho sijui nitafagia nini."

Jumatano moja nilikwenda na patasi
kupunguza ndimi zilizovimba kwa unyevu.
Nikalikuta darasa limepinda.
Si duara, si mwezi, si safu:
mkono mmoja mrefu umeinama
kama mtu anayemnong'oneza mwenzake,
na ncha ya mkono, peke yake, Chumu.

Nikafungua daftari. Halimo.

Mwalimu Zuwena naye halijui.
"Nani kapanga hivi?"
Kimya. Mbuzi akalia nje.
Kisha Mcha, mdogo kuliko wote, mwenye mapengo mawili mbele:
"Chumu hasikii kushoto, mwalimu.
Ukisimama pale, unamwingia kulia."

Miaka miwili.
Miaka miwili kwenye ripoti ameandikwa "mzito",
amekaa alipopangiwa,
sikio zima limeegemea ukuta,
sikio bovu limemkabili mwalimu.
Na wenzake wote wanajua,
ila wangesemaje,
na viti vilikuwa vimepigiliwa misumari?

Mwalimu akashika chaki. Akaiweka.
Akaishika tena.
Akaenda akasimama walipomwambia.

Nami nikachonga nilichokuja kuchonga.
Penseli ilikuwa sikioni, daftari mfukoni,
na umbo lile sikulichora.

Nilipokuwa nafunga mfuko wa zana
wakanisogezea sanduku: "Kaa, fundi."
Nikakaa. Magoti yakanifika kidevuni.
Macho yangu, kwa mazoea ya zamani,
yakautafuta mgongo wa Hamad Kombo.
Hapakuwa na mgongo.
Palikuwa na nyuso, nyuso tupu,
zinanichungua polepole
zijue mimi nasikia upande gani.