Marehemu wa Benchi la Tatu

Mimi ndiye ninayekaa nyuma na nyaya,
Igoma, kanisa la mabati jirani na mashine ya kukoboa.
Kazi yangu kupandisha sauti na kuishusha,
na kila Ijumaa kumpelekea Mchungaji Nkwabi
flashi yenye mahubiri ya watu.

Kwa hiyo namjua.
Najua "Funguo Saba" ni za askofu mmoja wa Lusaka,
hadi kikohozi: dakika ya kumi na mbili, mara mbili,
na leso pajini kwa mkono wa kushoto,
ingawa Nkwabi wetu hata nzi humfukuza kwa kulia.
Ile "haaa" inayotoka chini ya kitovu
ilishuka Lagos, ikapitia Nairobi, ikafika kwetu imechoka.
Siku aliyosema "hapa kwetu Kinondoni"
watu wa Igoma waliitika amina,
maana amina haiulizi anwani.

Sikumlaumu.
Mimi nikimkaripia mwanangu Sayi
namsikia fundi aliyenifundisha kulehemu,
matusi yake yaleyale, na mluzi wake mwishoni.

Ila Jumapili ile.
Upepo wa ziwa umelala, mabati yanatokota,
naye amesimama na machozi ya dakika ya thelathini:
"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba.
Nilimshika kidole. Kilikuwa baridi kama bomba."
Kwaya ikalia. Mzee wa kanisa akalia.
Na benchi la tatu, karibu na dirisha,
Bi Holo Lugoye, aliyemzaa Nkwabi kule Misungwi
na kumsomesha kwa dagaa wa Mwaloni,
akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa hospitali
na hana hakika kama ni yeye.
Kisha akasema amina.
Polepole.

Nilishusha sauti vidoti viwili.
Nilikuwa na uwezo wa hayo tu.

Baada ya ibada akanifuata huku kwenye nyaya.
"Nimekufa vizuri?"
"Vizuri, mama."
"Basi mwambie mchungaji, marehemu anadai hela ya gesi."
Akacheka mpaka akakohoa,
kikohozi chake mwenyewe, cha moshi wa miaka arobaini,
hakuna askofu aliyemfundisha.

Halafu hakucheka tena.
Akawa anakaza kanga, anakaza, hairidhiki.
"Kuazima si kosa, baba.
Sufuria la jirani nimelipikia harusi tatu.
Lakini unalirudisha, limesuguliwa,
na jina la mwenyewe liko palepale chini, limechorwa kwa msumari.
Humziki mtu humo."
Akajitwisha ndoo yake ya dagaa, akashika njia ya Kishiri,
na mimi nikabaki nazungusha waya kwenye kiwiko,
nazungusha, hata ulipokwisha.

Ujumbe wa gesi niliufikisha.
Alinyamaza. Akatuma hela, na ya kutolea.
Ijumaa iliyofuata akaomba flashi kama kawaida.

Lakini kuna kitu sijamwambia.
Mashine yangu huanza kurekodi mapema,
kabla ya kwaya, kabla ya watu,
anapojaribu maiki kanisa likiwa tupu.
Ninayo ya Jumapili ileile. Sekunde kumi na moja.
Hakuna leso humo, hakuna Lusaka,
hakuna zile R zinazobingirika kama pipa mlimani.
Ni sauti nyembamba kidogo, ya puani:
"Moja, mbili. Moja, mbili.
Mwangaluka mayu, umewahi.
Hapo ulipokaa pana msumari, utachana kanga.
Sogea dirishani."

Mahubiri yote nafuta kila mwezi, flashi ni ndogo.
Hayo siyafuti.