Daftari la Zamu

Mimi ndiye katibu wa parkingi ya Nyawera.
Daftari langu ni la shule, jalada la buluu,
lina doa la chai la siku ile Bisimwa alipopindua kikombe.
Humo zamu nimeziandika kwa mkono:
Mugisho, Cirhuza, Murhula, Balagizi.
Aliyetangulia kuja hutangulia kubeba,
na kila jioni faranga mia tano ndani ya kopo la maziwa.

Kikaja kidude cha simu. Kinajiita Fika.
Hakina jiwe la kukalia pale kwetu,
hakijanyeshewa,
hakijui kwamba njia ya Buholo, mvua ikishika,
ni udongo uliolowekwa sabuni.
Kinaandika: dakika sita.
Dakika sita za nani?
Kwenye kioo chake Bukavu haina mlima,
barabara imelala kama utepe wa fundi cherehani.

Kinasema: pikipiki ni yako, wewe ni bosi wa nafsi yako.
Halafu katika kila mia kinameza ishirini na tano
bila kutafuna.

Jumatatu tulitoka. Pikipiki mia mbili,
injini zimezimwa, tukizisukuma hadi Uwanja wa Uhuru.
Hakuna honi. Minyororo tu, na viatu.
Mama mmoja wa ndizi akasimama na beseni lake:
"Nani amekufa?"

Alikufa mtu, ndiyo, lakini wiki tatu kabla.
Murhula. Lori la sementi, mteremko wa Panzi, saa mbili usiku,
akimkimbilia abiria wa Fika.
Kopo la maziwa lilinunua mbao za jeneza
na mchele wa matanga.
Simu yake niliishika mimi. Ilinililia mkononi:
Abiria anakungoja.
Abiria anakungoja.
Hukufika. Nyota zako zimepungua.

Hayo niliyasema kwenye kipaza sauti, wakapiga makofi.

Mengine sikuyasema.
Sikusema kwamba Balagizi ni shemeji yangu
na mara nyingi nilimwandika mbele ya waliomtangulia.
Sikusema kuna kurasa nilizozichana.
Wala kwamba binti yangu Nabintu, muuguzi wa usiku,
hurudi nyumbani kwa Fika,
kwa sababu Fika humwonyesha jina na uso wa anayembeba,
nami miaka kumi na moja katika parkingi
sikuwahi kuuliza nani kati yetu hulewa,
nani mkono wake hauna adabu.

"Baba, mimi sitaki kubishana bei gizani."
Alisema hivyo akivua viatu, bila hasira.
Nilitafuta la kumjibu. Nilikuwa na kalamu tu.

Kwa hiyo usiku huu nimefungua ukurasa mpya,
nikapiga mstari wa pili pembeni mwa majina:
malalamiko ya abiria.
Wa kwanza kuandikwa ni shemeji. Mke wangu atanuna.
Fika bado naikataa, kesho nitaikataa tena kwa sauti,
ila sasa najua sauti hiyo ina makohozi.

Kati ya Cirhuza na Balagizi nimeacha nafasi tupu.
Alfajiri mtu atakuja na jile yake ya njano,
atapuliza vidole, atauliza:
baada ya Cirhuza ni zamu ya nani?
Nitangoja kidogo kabla ya kumjibu.