Kufa Kufaana

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umelala chini ya barafu
na Helve Raudsepp, glovu mbili kila mkono,
anafungua tangi la naitrojeni. Ukungu unamlamba viwiko.
Anamtoa Bwana Endel.

Si Endel mzima. Endel alizikwa Oktoba,
fundi wa kuoanisha nyuzi za piano,
aliyeanza kusikia harufu ya mkate ukiungua
hata jiko likiwa baridi.
Kilichobaki ni tone la waridi ndani ya kichupa,
na tone hilo halijui kwamba mwenyewe kafa.

Mwili una adabu zake.
Kila seli imewekewa kengele ya mauti mlangoni;
mjumbe akija akaibonyeza, mwenye nyumba habishi:
huchomoa mikasi, hukata nguzo zake mwenyewe,
hujifunga vifurushi vidogo vidogo
majirani wasipate taabu ya kufagia.
Ndivyo tulivyopata vidole.
Tumboni mwa mama kiganja kilikuwa kasia
mpaka waliokaa katikati wakakubali kuondoka.

Haya Helve anayajua. Anadondosha mjumbe
juu ya seli za Endel,
anaandika saa, anakwenda kulala.

Asubuhi hazikufa.
Zimetembea.

Anarudia. Anabadilisha chupa, anailaumu darubini,
anamlaumu Kaupo wa zamu ya jioni
kwa mlango wa kabati aliouacha wazi.
Mara ya nne anakaa, chai imepoa:
kengele ni ileile, mjumbe yuleyule,
ila huko ndani waya umepinda.
Anayeambiwa *ufe* anasikia *uhame*,
anafunga mizigo, anapenya ubongo ulio mzima.
Na zile chache zilizotii,
maiti zao zinawanong'oneza walio hai: *zaaneni*.
Wahenga walilisema wakimaanisha jingine.

Miaka yote tumepaza sauti, *ufe, ufe*,
tukidhani tunazungumza na kiziwi.
Kumbe alisikia. Vizuri mno.

Kesho Helve ataziba kengele kwa nta ya maabara,
atawanyima kifo ili wasiende popote.
Huenda ikafaa. Huenda wakajifunza mlango mwingine.

Siku ya kutia saini, Leida, mjane,
aliiweka kalamu chini akauliza jambo moja tu:
"Zitakuwa zinasikia?"
Helve alijibu upesi, hapana,
kama mtu anayefunga dirisha.